Tangawizi, Vitamini B6, Udongo au Dawa za Dukani: Mjamzito Anayetapika Achague Nini?

Mwanamke anayeanza kutapika katika wiki ya sita ya mimba, awe Kampala, Arua au Kasese, kwa kawaida huwa na njia nne za kujisaidia kabla hajafika kliniki ya wajawazito: tangawizi ya sokoni, udongo unaouzwa katika soko hilo hilo, vidonge vya vitamini B6, na dawa za kuzuia kutapika kutoka duka la dawa la mtaani. Njia hizi hazilingani kwa nguvu wala kwa usalama, na kuzitumia zote kwa pamoja bila mpangilio humchosha mama ambaye tayari amechoka. Nitazilinganisha hapa, lakini kabla ya kuchagua yoyote kuna maswali mawili ambayo kwa maoni yangu huamua mengine yote: anatapika kwa kiasi gani, na je, ni mimba kweli inayomtapisha?

Kichefuchefu cha ujauzito huwapata wajawazito walio wengi. Huanza kati ya wiki ya nne na ya sita, hufikia kilele karibu na wiki ya tisa, na kwa wengi hupungua kati ya wiki ya 12 na ya 16, ingawa wachache huendelea nacho hata baada ya wiki ya 20. Husemwa kuwa ni ugonjwa wa asubuhi, lakini wengi hushikwa mchana vitunguu vinapokaangwa kwa jirani, au jioni wakiwa ndani ya teksi iliyojaa abiria na harufu ya petroli. Mwaka 2023 kundi la watafiti, miongoni mwao Marlena Fejzo wa Marekani na Stephen O'Rahilly wa Uingereza, walichapisha katika jarida la Nature ushahidi kwamba homoni iitwayo GDF15, ambayo mimba huizalisha na kuiingiza katika damu ya mama, huamsha sehemu ya ubongo inayoleta kutapika, na kwamba mwanamke aliyekuwa na kiwango kidogo cha homoni hiyo kabla ya kushika mimba huumia zaidi kwa kuwa mwili wake haukuwa umeizoea. Nalitaja hili mapema kwa sababu katika familia zetu bado wapo wanaomwambia mjamzito kwamba anadeka, au kwamba mimba imemkataa mume. Hadeki. Mwili wake unapokea ishara kali, na anastahili kusaidiwa tangu siku ya kwanza anapolalamika.

Kuhusu kiasi, anayetapika mara moja au mbili kwa siku lakini anakunywa maji na kukojoa kama kawaida ana nafasi ya kujaribu njia za nyumbani bila haraka. Anayetapika karibu kila chakula, ingawa vinywaji bado vinakaa, asijiridhishe na chai ya tangawizi peke yake. Amwone mkunga wiki hiyo hiyo. Naye ambaye hata maji hayakai kwa saa 24, au mkojo wake umekuwa wa kahawia na kidogo sana, au anaona kizunguzungu kila anaposimama, au anatapika damu, huyo hana cha kulinganisha nyumbani, na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Swali la pili lina uzito wake hapa Uganda. Malaria hutapisha, na mjamzito huugua malaria kwa ukali kuliko alivyokuwa kabla ya mimba. Kutapika kunakoambatana na homa, baridi ya mwili, maumivu ya viungo au kichwa kusihesabiwe kuwa ni mimba tu mpaka damu ipimwe, na kipimo cha haraka cha malaria kinapatikana hata katika vituo vidogo vya serikali. Fansidar ya kukinga malaria haitolewi katika wiki 12 za mwanzo. Huanza wiki ya 13. Hii ina maana kwamba katika majuma yale yale ambayo kichefuchefu kiko juu, kinga kubwa ya mama ni chandarua chenye dawa. Akikutwa na malaria, apewe matibabu bila kuchelewa, kwa sababu Shirika la Afya Duniani sasa linaruhusu mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini hata katika miezi mitatu ya kwanza, na akizitapika dawa muda mfupi baada ya kuzimeza arudi aelekezwe namna ya kurudia dozi. Maambukizi ya njia ya mkojo na vidonda vya tumbo navyo hutapisha. Kutapika kunakoanza kwa mara ya kwanza baada ya wiki ya kumi kunapaswa kutiliwa shaka, na kutapika kwa miezi ya mwisho pamoja na maumivu makali ya kichwa, kuona maluweluwe au maumivu chini ya mbavu za kulia kunaweza kuwa dalili ya hatari inayotangulia kifafa cha mimba.

Tangawizi na vitamini B6

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo yake ya huduma kwa wajawazito, na kwa kichefuchefu cha miezi ya mwanzo likataja tangawizi, kamomili, vitamini B6 na tiba ya sindano za Kichina, kulingana na mama anavyopenda na kinachopatikana mahali alipo. Kamomili na sindano za Kichina naziweka kando, kwa kuwa Waganda wengi hawawezi kuzipata karibu na nyumbani. Tangawizi na B6 ndizo zinazoshindana kwa kweli, na ushindani wao ni wa karibu: majaribio yaliyozipambanisha moja kwa moja, likiwemo lililofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2004, yalikuta kwamba zinasaidia kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa hiyo uchaguzi hautegemei sana ipi ina nguvu zaidi. Unategemea mwili na maisha ya anayeitumia.

Tangawizi ina faida ya kuwa karibu na ya bei nafuu. Inalimwa Butambala na Mpigi, na hakuna soko linaloikosa. Kiasi kilichotumika katika majaribio mengi ni takriban gramu moja ya unga wa tangawizi kavu kwa siku, iliyogawanywa katika dozi tatu au nne, ambayo kwa siku nzima ni kama nusu ya kijiko cha chai. Kwa tangawizi mbichi, kipande kidogo kikunwe, kiachwe ndani ya maji ya moto kwa dakika kumi, kichujwe, kisha maji hayo yanywewe polepole yakiwa vuguvugu au yamepoa. Vikombe vitatu vidogo kwa siku vinatosha. Inapunguza kichefuchefu vizuri kuliko inavyopunguza kutapika kwenyewe, na anayeitumia hana budi kuipa siku kadhaa kabla ya kuihukumu. Chai ya maziwa yenye tangawizi inayouzwa mikahawani haiwezi kuchukua nafasi yake, kwa sababu maziwa yaliyochemka na sukari nyingi huwachafua tumbo wajawazito wengi, na soda zinazobeba jina la tangawizi ni sukari zaidi ya kitu kingine chochote.

Udhaifu wake mkubwa ni kiungulia. Mwanamke ambaye alikuwa na vidonda vya tumbo kabla ya mimba, na hawa ni wengi nchini kwetu, mara nyingi hugundua kwamba tangawizi inampunguzia kichefuchefu na kumwongezea moto kifuani, na moto huo wenyewe humrudisha kwenye kutapika. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiitumie kwa wingi bila kuzungumza na daktari. Wapo pia ambao harufu yake tu inatosha kuwatapisha, nao wasilazimishwe kwa sababu eti dada au mama mkwe ilimfaa.

Vitamini B6, ambayo wauguzi huiita piridoksini, haina harufu kali, haichomi kifua, na mwanamke anayefanya kazi sokoni, shambani au ofisini anaweza kuibeba mkobani. Dozi inayotumika sana ni miligramu 10 hadi 25, mara tatu kwa siku. Hapa ndipo naona makosa mengi yakitendeka dukani, kwa sababu mteja huomba B6 akapewa kitu kingine chenye jina linalofanana. Kidonge cha kawaida cha vitamini B kompleksi kina kiasi kidogo mno cha B6, mara nyingi miligramu chache tu, na mama anaweza kukitumia mwezi mzima akidai kwamba B6 haimsaidii. Kwa upande wa pili, vidonge vya mishipa ya fahamu vinavyochanganya B1, B6 na B12 vinaweza kuwa na miligramu 100 au hata 200 za B6 katika kidonge kimoja, kiwango ambacho kikitumiwa kwa muda mrefu kinaweza kuidhuru mishipa hiyo hiyo na kuleta ganzi mikononi na miguuni. Mnunuzi asome idadi ya miligramu kwenye pakiti, au amwombe mwuzaji amsomee kwa sauti.

Nikilazimika kuchagua kwa niaba ya mwingine, ningempa tangawizi yule aliye mbali na duka la dawa la kuaminika, mwenye kichefuchefu chepesi na asiye na historia ya kiungulia. Ningempa B6 mwenye vidonda vya tumbo, anayekerwa na harufu, na yule ambaye kutapika kwake kumeshinda kichefuchefu. Hakuna ubaya kutumia vyote viwili mtu akiona kimoja hakitoshi.

Udongo na emumbwa

Hili linahitaji kuzungumzwa kwa heshima, kwa kuwa wanaokula udongo wakati wa mimba hawafanyi hivyo kwa ujinga. Udongo mkavu hunyonya mate yanayojaa kinywani, huondoa ladha ya chuma, na kwa muda mfupi hutuliza tumbo. Katika Buganda kuna emumbwa, yaani vijiti vya udongo uliochanganywa na mitishamba na kukaushwa, ambavyo vimetumiwa na wajawazito kwa vizazi vingi na vinauzwa waziwazi sokoni. Mtu akipata nafuu kutokana na kitu alichopewa na ssenga wake, yaani shangazi yake, si rahisi kumwambia akiache.

Hata hivyo, nikiuweka udongo kando ya tangawizi na B6 naona unashindwa, na sababu zake hazina uhusiano wowote na dharau kwa mila. Udongo hushikamana na madini ya chuma yaliyomo katika chakula na katika vidonge, ukayazuia yasiingie mwilini, na mjamzito mwenye upungufu wa damu huingia katika uzazi akiwa hana akiba ya kuhimili damu atakayopoteza. Jambo la kusikitisha ni kwamba hamu ya kula udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu huo huo, kwa hiyo kadiri anavyokula ndivyo anavyozidi kuutamani. Udongo uliochimbwa mahali pasipojulikana unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na udongo wa kula unaouzwa masokoni katika nchi mbalimbali umewahi kupimwa na kukutwa na madini ya risasi, ambayo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Unapokuwa mwingi hufunga choo, na choo kigumu huongeza kichefuchefu. Emumbwa ina tatizo la ziada: anayeinunua hajui ni mitishamba gani imetiwa ndani na kwa kiasi gani, na baadhi ya mitishamba hukaza mfuko wa uzazi.

Anayeshindwa kuuacha kwa siku moja aanze kwa kupima kiwango cha damu, amweleze mkunga ukweli bila aibu, na atafute kitu kikavu cha kutafuna wakati hamu inapomjia: muhogo wa kuchoma, mahindi ya kukaanga, gonja (ndizi) iliyochomwa, au karanga kama harufu yake haimsumbui. Kwa mate mengi, limau la kulamba au vipande vya embe bichi vyenye chumvi kidogo huwasaidia wengi. Kaskazini na West Nile, maji ya ukwaju yasiyo na sukari nyingi hufanya kazi hiyo vizuri.

Sahani kabla ya kidonge

Mabadiliko ya ulaji hayashindani na njia nyingine, bali huzisaidia zote. Tumbo tupu hutapisha, na tumbo lililojaa hutapisha vilevile, kwa hiyo milo mitatu mikubwa igawanywe iwe sita midogo. Kipande cha mkate mkavu au chapati isiyo na mafuta mengi kiwekwe karibu na kitanda, kiliwe kabla ya kuinuka, na mama akae robo saa kabla ya kusimama. Vinywaji vinywewe katikati ya milo, kidogo kidogo. Chakula kilichopoa hutoa harufu ndogo kuliko cha moto, ndiyo maana viazi vitamu baridi au matoke ya jana yaliyohifadhiwa vizuri huweza kukaa tumboni siku ambayo mchuzi wa moto haukai. Mukene, yaani dagaa, hata kama zina lishe nzuri, zinaweza kusubiri mpaka wiki ya 14, au zipikwe na mtu mwingine mbali na chumba cha kulala. Kumwondolea mjamzito jukumu la kusimama kwenye jiko la mkaa na mafuta yanayochemka ni msaada ambao mume anaweza kuutoa leo bila kutumia shilingi.

Dawa za kuzuia kutapika

Wengi huogopa dawa hizi, na woga wao una historia ya kweli. Dawa ya thalidomaidi iliingia sokoni Ujerumani mwaka 1957, ikatumiwa pia kwa kichefuchefu cha mimba, na hadi ilipoondolewa mwaka 1961 na kuendelea ilikuwa imesababisha ulemavu kwa watoto zaidi ya 10,000 duniani. Haijulikani sana kwamba hofu hiyo nayo ilileta hasara: Bendectin, mchanganyiko uliokuja kuwa wa doksilamini na vitamini B6, uliondolewa na watengenezaji wake Marekani mwaka 1983 kwa sababu ya kesi za mahakamani, ingawa tafiti hazikuonyesha kwamba unadhuru watoto, na mwaka 2013 mchanganyiko huo wa doksilamini na B6 ukaidhinishwa upya huko huko. Mama anayetapika kila kitu kwa majuma mawili huku akikataa dawa kwa hofu ya kumdhuru mtoto anajiweka katika hatari kubwa kuliko ile anayoikimbia.

Miongoni mwa zinazopatikana kwa urahisi, promethazini imetumika kwa wajawazito kwa miongo mingi na ndiyo ningeitanguliza, kwa sharti la kukubali usingizi wake: imezwe jioni kwanza, na anayeitumia asiendeshe chombo wala asipande boda boda akiwa anasinzia. Metoklopramidi haileti usingizi mwingi, lakini isitumike zaidi ya siku tano mfululizo bila daktari, kwa sababu inaweza kukaza misuli ya shingo, taya na macho, hasa kwa wasichana na wanawake vijana. Ondansetroni ina nguvu nzuri, hufunga choo, na ikitumiwa katika wiki 12 za mwanzo huenda ikaongeza kidogo sana uwezekano wa mdomo sungura, takriban watoto watatu zaidi katika kila 10,000. Kwa hiyo ibaki kwa wale ambao dawa za mwanzo zimewashinda. Zote hizi ziandikwe na mtu aliyesomea, na zinunuliwe katika duka lenye leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, ambayo huwa imetundikwa ukutani.

Wakati wa kwenda hospitali, na makosa ya dripu

Kutapika kupita kiasi, kunakompotezea mama zaidi ya asilimia tano ya uzito wake, huwapata wachache, lakini kwao ni ugonjwa kamili. Kituo cha afya cha daraja la tatu kina wakunga, na huduma katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo. Nyumbani, akisubiri usafiri, anywe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kwa mafunda madogo. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi ichanganywe na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Glukosi ya unga inayonunuliwa dukani haina chumvi na haiwezi kufanya kazi hiyo.

Kosa linalonitia wasiwasi zaidi ni la kliniki zinazomtundikia mgonjwa dripu ya glukosi na kumrudisha nyumbani. Mwanamke aliyetapika kwa majuma kadhaa anaweza kuwa ameishiwa na vitamini B1, yaani tiamini, na glukosi ikitangulia kuingia humaliza kiasi kidogo kilichobaki. Ubongo wake unaweza kudhurika, akaanza kuchanganyikiwa, kuona vitu viwili viwili na kuyumba anapotembea. Dripu inayofaa kuanza nayo ni ya maji ya chumvi, na tiamini itolewe kabla ya glukosi yoyote. Msindikizaji ana haki ya kuuliza kwa adabu, "Musawo (daktari), amepewa tiamini?"

Vidonge vya chuma pia huwazidishia wengi kichefuchefu. Anayeviona vinamtapisha asivitupe kimya kimya: amwombe mkunga amruhusu avisimamishe mpaka wiki za kwanza zipite, huku akiendelea na asidi ya foliki peke yake, ambayo mtoto anaihitaji hasa katika majuma haya ya mwanzo. Baadaye avimeze usiku, mbali na chai, kwa sababu chai huzuia chuma kuingia mwilini. Kwa dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI hakuna ruhusa kama hiyo. Akizitapika arudi kliniki abadilishiwe saa ya kumeza au apewe dawa ya kuzuia kutapika kabla yake.

Aliyeteseka sana katika mimba iliyopita ana uwezekano mkubwa wa kuteseka tena, na kwake uchaguzi huu wote uanze mapema zaidi. Vidonge vya vitamini mchanganyiko vikianza mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hupunguza ukali wa kichefuchefu, na B6 inaweza kuanza mara tu anapojua kwamba ni mjamzito, kabla kutapika hakujashika kasi. Amweleze mkunga historia hiyo katika hudhurio la kwanza, ambalo linapaswa kuwa kabla ya wiki ya 12, na aombe iandikwe kwenye kadi yake ili atakayempokea usiku wa dharura aikute.